TAFAKARI YA JUMA: Kutoka Geel hadi Melbourne, au Historia ya Kutowaacha Peke Yao Walioanza Kuugua Akili



Wapendwa wanaparokia na wasomaji wote wa ukurasa huu, juma hili naomba ruhusa yenu niyaweke kando masomo ya Dominika, niandike juu ya jambo ambalo limekaa moyoni mwangu kwa muda mrefu. Nina deni, na kwa kuwa aliyenidai hajawahi kunidai kwa mdomo wake, naona ni haki nilitaje mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alinifuata sakristia. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, alikuwa amerudi nyumbani kabla ya mitihani bila kueleza sababu. Alikuwa hali chakula kilichopikwa na dada zake, akidai kimetiwa kitu. Usiku alisikika akijibizana na watu wasioonekana. Kioo cha kabati alikifunika kwa kanga ya mama yake, kwa kuwa alisema kuna wanaomchungulia kupitia humo. "Padre," mama aliniambia, "sijui ni uchawi, sijui ni pepo. Nisaidie mwanangu."

Nilikwenda nyumbani kwao siku ileile. Nilimwombea kijana, nikampa Mpako Mtakatifu, nikaiachia familia novena, nikamsihi mama awe na subira. Juu ya hospitali sikusema neno. Mama yule alinitii, kama mwanamke wa imani anavyomtii paroko wake, na akawa na subira kwa miezi 8. Mwishowe ni mjomba wa kijana aliyempeleka kwa daktari, akiwa amefungwa kamba nyuma ya pikapu, kwa maana kufikia hapo hapakuwa na njia nyingine.

Kuomba sijutii hata kidogo. Ninachojutia ni ule ukimya wangu, na ujinga uliouzaa. Tangu siku hiyo nimejitahidi kusoma, na katika kusoma nimekutana na historia ambayo sehemu yake kubwa ilianzia mlangoni mwa kanisa, nami sikuijua.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Waganga wa akili hutumia jina saikosisi kwa hali ambayo mtu hupoteza mpaka kati ya yaliyopo na yasiyopo: husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hushika imani isiyotikisika kwamba anafuatwa au anatiliwa sumu, na mawazo yake huvurugika hata maneno yake hayafuatani. Hali hii yaweza kuletwa na maradhi mbalimbali, skizofrenia ikiwa mojawapo. Aghalabu huanza ujanani, kati ya umri wa miaka 15 na 30, yaani wakati uleule ambao mtu anachagua masomo, kazi, rafiki na mwenzi. Kwa hiyo humpokonya kijana akili yake kwa kitambo, na pamoja nayo kundi zima la watu aliokuwa anaanza kuishi nao. Rafiki huacha kuja, na walio chuoni wanahitimu bila yeye. Hata akipona, huwakuta wamekwisha kwenda mbali.

Sasa twende Ubelgiji, katika mji mdogo uitwao Geel.

Masimulizi ya kale yanasema kwamba katika karne ya 7 binti mmoja wa mfalme wa Ireland, jina lake Dymphna, alimkimbia baba yake. Mfalme huyo alikuwa amerukwa na akili kwa huzuni ya kufiwa na mkewe, akataka kumwoa binti yake mwenyewe kwa kuwa alifanana na mama yake. Dymphna alivuka bahari pamoja na padre mzee aitwaye Gerebernus, akafika Geel, na huko baba yake akamfuata na kumwua kwa mkono wake. Simulizi hilo liliandikwa katika karne ya 13, miaka mingi mno baada ya matukio yenyewe, na wanahistoria wana haki ya kulitazama kwa tahadhari. Lakini yaliyofuata si hadithi. Watu walianza kuwaleta Geel ndugu zao waliougua akili, ili waombe kwenye kaburi la shahidi ambaye mwenyewe aliuawa na mgonjwa wa akili. Mahujaji walikaa siku 9 katika chumba kilichojengwa ubavuni mwa kanisa, wakifanya novena. Wengine walipona, wengine hawakupona, na wengine wengi zaidi walifika wakakuta chumba kimejaa.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea, tena bila mtu yeyote kulipanga. Mapadre wa kanisa lile waliwaomba wenyeji wawapokee wagonjwa majumbani mwao kwa muda, wakingoja nafasi. Muda ukawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kwa wengine mwaka ukawa maisha. Mgonjwa alikula mezani na watoto wa nyumba, akachunga ng'ombe, akavuna viazi, akalea wajukuu wa waliompokea. Serikali ya Ubelgiji ilipochukua usimamizi mwaka 1850, iliukuta utaratibu uliokwisha kuwa wa karne nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,700 katika mji ule mmoja. Siku hizi idadi imepungua sana, ila desturi haijafa, na mwaka 2023 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa mifano mizuri ya kuhifadhi urithi wa binadamu. Wenyeji hawawaiti wagonjwa, huwaita wapangaji. Na kwa kawaida familia inayompokea mtu haiambiwi jina la ugonjwa wake.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, nami hujiuliza jinsi ingalikuwa kama mapadre wale wangefanya kama nilivyofanya mimi, yaani kumaliza novena na kuondoka. Novena ya Geel ilikuwa na siku ya 10. Siku hiyo ya 10 ndiyo niliyoisahau.

Kwingineko mambo hayakuwa hivyo. Mtakatifu Yohane wa Mungu, ambaye Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa hospitali na wagonjwa, aliyajua haya kwa mgongo wake. Huko Granada, Hispania, katika miaka ya 1530, baada ya kusikia mahubiri ya Yohane wa Avila alipatwa na msukosuko mkubwa wa roho hata watu wakamdhania kichaa, akafungiwa hospitali na kuchapwa viboko, kwa kuwa viboko vilihesabiwa kuwa dawa. Alipotoka alianzisha nyumba yake mwenyewe ya wagonjwa. Karne tatu baadaye Ulaya ilijaa majumba makubwa ya kuwafungia wagonjwa wa akili, na wakoloni wakayaleta kwetu. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma ilianzishwa mwaka 1927, na sote tunajua jinsi jina lake lilivyogeuka kuwa tusi la mtaani. Sisemi hivyo kuwalaumu waliofanya kazi humo. Wengi walifanya kazi kubwa kwa vifaa haba. Nasema tu kwamba mahali pa tiba pakishakuwa tusi, hakuna mama atakayempeleka mwanawe huko mapema.

Nadharia za wataalamu nazo hazikusaidia. Mganga wa Kijerumani Emil Kraepelin, katika miaka ya 1890, alifundisha kwamba wazimu unaowapata vijana ni ugonjwa wa kubomoka: akili huliwa kidogokidogo hadi mwisho. Mwaka 1908 Eugen Bleuler wa Uswisi alipendekeza jina jipya, skizofrenia, akaonyesha kwamba wapo wanaopata nafuu. Jina lake lilishinda. Tumaini lake halikushinda. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kijana aliyeambiwa ana ugonjwa huo aliambiwa pamoja na hayo, kwa maneno au kwa macho, kwamba maisha yake yamekwisha.

Mkondo wa pili wa historia yetu unaanzia mahali pasipotarajiwa: kwenye kifua kikuu. Mwaka 1905, mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa maskini mno kulipia nyumba za matibabu za milimani. Kwa msaada wa fedha za kanisa moja la Kianglikana, aliwakusanya mara moja kwa juma katika alichokiita darasa. Kila mmoja alikuja na daftari lake la kumbukumbu, akaeleza alivyolala, alivyokula na alivyopumzika. Pratt alikusudia kufundisha usafi na nidhamu tu. Aliyoyaona yalimzidi: watu wa mataifa na dini mbalimbali, waliofungwa na ugonjwa mmoja, walitiana moyo kuliko daktari alivyoweza kuwatia. Wengi humhesabu Pratt kuwa mwanzilishi wa tiba ya kikundi, ingawa hakuwa mganga wa akili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, daktari Edward Lazell wa hospitali ya St. Elizabeths, mjini Washington, alijaribu njia hiyo kwa wagonjwa wa skizofrenia, wengi wao askari. Taarifa yake ya mwaka 1921 ina jambo ambalo kila mlezi angepaswa kulijua. Mgonjwa aliyemwogopa daktari akiwa naye peke yake alipoteza hofu hiyo akiwa katikati ya wenzake. Na wale walioonekana kama hawasikii lolote, walikuja kugundulika baadaye kwamba walisikia na kukumbuka mengi. Miaka 10 baadaye L. Cody Marsh, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa mganga wa akili, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa kwa makundi, akitumia mambo aliyoyachota wazi katika mikutano ya uamsho ya makanisa: mahubiri, nyimbo, ushuhuda. Nakiri nilitabasamu niliposoma hayo. Sisi tulikuwa nayo siku zote, lakini hatukufikiri kumwalika mgonjwa.

Je, haya ya mtandao yalianza lini? Wengi wetu tungedhani ni ya juzi, yaliletwa na simu za kisasa au na janga la mwaka 2020. Kumbe sivyo. Huko Omaha, jimboni Nebraska, daktari Cecil Wittson na wenzake walitumia televisheni ya pande mbili, mtaalamu akiwa chumba kimoja na wagonjwa chumba kingine, wakaendesha vikao vya tiba ya kikundi. Walitoa taarifa yao mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Miaka michache baadaye waliunganisha taasisi yao na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Norfolk, umbali wa kilomita 180 hivi. Tatizo lao lilikuwa lilelile la kwetu: wagonjwa wako mbali, wataalamu ni wachache, na barabara ni ndefu.

Lakini ili kikundi kimsaidie mtu aliye katika mwanzo wa saikosisi, ilipaswa kwanza watu waamini kwamba mwanzo una maana. Dawa za kwanza zenye nguvu zilipatikana Paris mwaka 1952, nazo zilifungua milango mingi. Hata hivyo kwa miongo mitatu zaidi kijana aliyeugua kwa mara ya kwanza aliwekwa wodi moja na watu waliougua kwa miaka 20. Patrick McGorry, daktari aliyezaliwa Ireland na kufanya kazi Melbourne, Australia, aliliona hilo na likamkera. Kijana alilala usiku wake wa kwanza hospitalini akimtazama mzee wa kitanda cha jirani, na akaamini kwamba anajitazama mwenyewe. Katika miaka ya 1980 McGorry na wenzake walianza kuwatenga vijana hao katika wodi yao. Mwaka 1992 kazi hiyo ikawa huduma kamili iitwayo EPPIC, yenye dawa kwa vipimo vidogo, ushauri kwa familia, vikundi vya vijana, na msaada wa kurudi shuleni au kazini.

Kutoka huko wazo likasambaa. Nami nitakaa kidogo Norwe, kwa sababu habari ya huko ilinichoma.

Mwaka 1997, katika mkoa wa Rogaland penye mji wa Stavanger, wataalamu walianza kuwaelimisha watu wote: matangazo magazetini, vijitabu vilivyotumwa majumbani, mafunzo kwa walimu, na timu ambayo mzazi au mwalimu angeweza kuipigia simu moja kwa moja bila barua ya daktari. Walitaka kupunguza muda ambao mtu hukaa na saikosisi bila tiba. Katika maeneo yaliyokuwa na kampeni, muda wa kati ulikuwa majuma 5. Katika maeneo ya kulinganishia, majuma 16. Walipowafuatilia wagonjwa baada ya miaka 10, waliopona kikamilifu upande wa kampeni walikuwa asilimia 31, na upande wa pili asilimia 15. Tena, matangazo yaliposimamishwa, muda wa kungoja ulirudi hadi majuma 15. Simu ilikuwepo, timu ilikuwepo, madaktari walikuwepo. Kilichoondoka ni tangazo tu.

Matangazo! Ndugu zangu, ni nani katika nchi hii mwenye matangazo kila juma mbele ya mamia ya watu, kama si paroko? Natangaza harambee, ndoa, ng'ombe aliyepotea na zamu za kufagia. Katika miaka yangu yote ya upadre sikuwahi kutangaza dalili za ugonjwa wa akili. Wala tusidhani kwamba matajiri wameshinda tatizo hili. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao RAISE, uliowahusisha watu 404 na kutoa matokeo yake mwaka 2015, uliona kwamba muda wa kati wa kukaa bila tiba ulikuwa majuma 74. Waliofika kabla ya muda huo ndio waliofaidika zaidi na huduma mpya. Miezi yangu 8 ni majuma 35 hivi. Mtu mmoja aliniambia hilo ili kunifariji, na halikunifariji.

Sasa huduma hizi nzuri zilikuwa na ufa. Zilidumu kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha kijana aliagwa. Wadenmaki, waliowafuatilia wagonjwa 547 wa huduma yao iitwayo OPUS, waliona faida kubwa mwishoni mwa mwaka wa pili. Walipotazama tena mwishoni mwa mwaka wa tano, sehemu kubwa ya faida ile ilikuwa imeyeyuka. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kijana alirudi chumbani kwake, na kikundi kilichomshika mkono hakikuwepo tena.

Hapo ndipo Mario Álvarez-Jiménez na wenzake wa Melbourne walipounda mahali pa kukutania mtandaoni, wakapaita Horyzons. Jaribio la kwanza lilikuwa dogo, vijana 20 kwa mwezi mmoja tu, nalo lilitangazwa mwaka 2013. Mpango wenyewe una mambo matatu yaliyosukwa pamoja. Kuna ukumbi ambamo vijana huandikiana kila siku. Kuna masomo mafupi ya tiba, kwa mfano jinsi ya kupambana na woga wa watu au kutambua dalili za kurudiwa. Na kuna wasimamizi, wengine waganga wa akili, wengine vijana waliowahi kuugua wao wenyewe. Mojawapo ya njia zao nilipenda: mmoja huleta tatizo lake, kwa mfano, nimwambie mwajiri kwamba niliugua au nisimwambie? Kikundi hutoa mapendekezo, hupima faida na hasara za kila moja, na mwenye tatizo huchagua, kisha hurudi kueleza ilivyokuwa. Kila siku wasimamizi husoma yanayoandikwa, wakiwa macho kwa dalili ya mtu anayetaka kujidhuru.

Baadaye walifanya jaribio kamili la vijana 170, kwa miezi 18, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Nitayaeleza kwa haki. Lengo kuu walilojiwekea, yaani kuinua uwezo wa kijana kuishi na kuhusiana na watu kwa kipimo walichokichagua, halikufikiwa. Pande zote mbili zilifanana. Ila katika kupata kazi au kurudi masomoni, waliokuwa katika Horyzons walikuwa na nafasi kubwa zaidi, takriban mara tano na nusu kwa hesabu ya wataalamu, ingawa wao wenyewe wanakiri kwamba hesabu hiyo ina mashaka mapana. Na waliolazimika kukimbilia huduma za dharura walikuwa asilimia 19 kwa upande wao, dhidi ya asilimia 39 upande wa pili. Zaidi ya nusu walikuwa bado wanaingia baada ya miezi 6, jambo lisilo la kawaida kwa mipango ya mtandaoni, ambayo watu huichoka haraka kama wanavyochoka kwaya mpya.

Mtaniuliza, na wapo walioniuliza: Padre, ushirika gani huu wa kwenye kioo cha simu? Si wewe unayetuambia kwamba Misa ya kwenye runinga haitoshi? Ndiyo, nasema hivyo na nitaendelea kusema. Sakramenti zinahitaji mwili, maji, mafuta na mkate. Lakini tiba ya kikundi si sakramenti. Ni mazungumzo, na mazungumzo yanaweza kusafiri. Mtume Paulo aliendesha jumuiya zake kwa barua, naye hakuwa akipenda kukaa mbali nazo. Zaidi ya hayo, kwa mtu anayeogopa macho ya watu, kuandika sentensi moja usiku akiwa kitandani kwaweza kuwa mlango pekee anaoweza kuupita. Patsy Hage wa Uholanzi, aliyekuwa anasikia sauti, alizungumza katika televisheni mwaka 1987 pamoja na daktari wake Marius Romme, na watu 700 hivi wakapiga simu. 450 kati yao walisema kwamba nao husikia sauti. Wengi wa hao wasingethubutu kupiga hodi popote. Simu iliwatoa mafichoni kwanza, na mikutano ya ana kwa ana ikafuata.

Hatari zipo pia, wala sizifichi. Mgonjwa anayeamini kwamba simu yake inamsikiliza hawezi kutibiwa kwa simu mpaka hofu hiyo ipungue. Siri ya kikundi yaweza kuvujishwa na mtu mmoja mwenye kidole chepesi. Kundi lisilo na msimamizi aliyefunzwa laweza kuwa pango la kutiana hofu, na wapo matapeli wanaouza humo maji, mafuta na maombi ya malipo. Wala hakuna kikundi, cha mwembeni au cha mtandaoni, kinachochukua nafasi ya dawa kwa yule ambaye daktari ameona anazihitaji. Hilo nalisisitiza kwa sababu nimekwisha kuona vidonge vikitupwa baada ya mkesha.

Kwetu Tanzania, Dar es Salaam na Mbeya, watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Marekani walijaribu mpango walioupa jina la Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa ufupi KUPAA. Mgonjwa mmoja na ndugu yake mmoja huketi pamoja na mafungu mengine ya namna hiyo, vikao 12, wakijifunza ugonjwa na kutatua matatizo ya nyumbani. Haukuwa wa mtandaoni. Lakini nilipousoma nilimwona Pratt na daftari zake, na nilimwona yule mjomba mwenye pikapu, ambaye hakuna aliyewahi kumketisha na kumweleza kilichompata mpwa wake.

Namrudia kijana wetu, ambaye yeye na mama yake wamenipa ruhusa niandike bila kutaja majina. Alilazwa majuma 6, akatoka na dawa, akakaa ndani karibu mwaka mzima bila kutaka kuonana na mtu. Nilikwenda kumwomba radhi, yeye na mama yake. Mama alilia, akasema, "Baba Paroko, hata mimi sikujua." Kijana hakusema kitu. Baadaye muuguzi mmoja wa afya ya akili, anayefanya kazi mji mwingine, alimwunganisha na kikundi kidogo cha vijana wanaokutana kwa simu kila Jumamosi saa 10 alasiri, yeye muuguzi akiwa mwongozaji. Majuma ya kwanza alizima kamera na maiki, akasikiliza tu. Muuguzi aliniambia jambo lilelile la Lazell: usidhani hasikii.

Jumamosi iliyopita nilipita kwao nikitokea mazishini. Nilimkuta nyuma ya nyumba, simu ameiegemeza kwenye kikombe cha chai, anacheka. Mama yake alinivutia kigoda upande wa jikoni ili nisionekane kwenye kamera, tukangoja. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kijana ameandika barua chuoni kuuliza kama anaweza kurudia mwaka wa pili, na kwamba bando la kila juma limekuwa mzigo tangu mauzo ya vitumbua yalipopungua. Nimezungumza na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, nao wamekubali kulilipia hadi Desemba. Na kuanzia Dominika ijayo, baada ya tangazo la zamu za usafi, muuguzi wa zahanati yetu atasoma dalili za mwanzo za saikosisi na namba ya simu ya kumpigia. Atazisoma kila mwezi, hata mtakapozichoka.